Kabla Hajashika Udongo

Mwaka 1996 Margareta alipewa darasa la wakubwa katika kigango kimoja cha Uru, na pamoja na darasa hilo akapewa Mzee Ndekirwa.

Margareta alikuwa katekista wa mwaka wa pili tu. Kabla ya hapo alifundisha watoto wa komunyo ya kwanza, ambao wakiulizwa swali hujibu kwa sauti moja, kisha hutazama dirishani wakisubiri kuruhusiwa. Wakubwa walikuwa wachache. Rogath, fundi baiskeli, alitaka kubatizwa ili afunge ndoa kanisani. Alikuwepo pia mama mmoja aliyetoka Singida na mumewe wakati wa msimu wa kahawa, wakaamua kubaki. Na huyo mzee.

Mzee Ndekirwa alikuwa amepita miaka sabini, na ndiye mtu pekee wa umri wake pale kijijini ambaye hakuwa na jina la ubatizo. Si kwamba alilichukia kanisa. Mke wake, Katarina, alikuwa mwimbaji wa mbele kabisa, na watoto wao wote walibatizwa wakiwa wachanga. Kila Jumapili mzee alimsindikiza Katarina mpaka mlangoni mwa kanisa, akamkabidhi mwavuli wake, kisha akaenda kukagua mfongo, ule mfereji unaoleta maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba za watu. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Mapadre walikuja na kuhamishwa, kila mmoja akijaribu bahati yake, na kila mmoja alipata jibu lile lile: "Bado sijaelewa."

Katarina alipofariki, watu walidhani sasa ataingia. Hakuingia. Ikapita miaka mitano. Ndipo Jumatatu moja, bila kuitwa na mtu, akatokea nyumbani kwa Margareta akiwa amevaa koti lake la misiba.

"Shikamoo, Baba. Kuna habari mbaya?"

"Marahaba, mwalimu. Hakuna. Nimekuja kujiandikisha."

Margareta aliweka chini sufuria aliyokuwa anasugua. "Baba, nini kimekugusa leo?"

"Nina swali."

"Swali gani?"

"Nitaliuliza tukilifikia."

Wakalifikia siku ya pili ya darasa. Margareta alisimama mbele ya ubao, akauliza kama alivyoulizwa yeye utotoni: nani amemwumba mtu, na amemwumba ili iweje. Wanafunzi wakajibu, Rogath akichungulia kitabu kidogo, kwamba Mungu ametuumba tumjue, tumpende na tumtumikie, na mwisho tukaishi naye. Mzee Ndekirwa peke yake hakufungua kinywa.

"Baba, na wewe sema."

"Sijakataa kusema, mwalimu. Naona tu mmejibu swali lingine."

"Lipi?"

"Hapo mmetaja kazi ya mtu akishakuwepo. Nikimleta kibarua shambani nitamwambia palilia hapa, chimba pale. Hiyo ndiyo kazi yake, sina ubishi. Mimi nauliza ya kabla. Huyu Ruwa," alisema, akitumia jina la Mungu walilolitumia wazee wake, "kabla hajashika udongo, alikuwa amekosa nini?"

Rogath alikuwa wa kwanza kujaribu. "Labda alikuwa mpweke, Babu. Peke yake huko, hana wa kuongea naye."

"Mpweke na malaika wote wale?" akasema mama wa Singida. Watu wakacheka, na Margareta akacheka pia, lakini macho yote yalikuwa kwake, wakisubiri.

"Sijui," alisema. "Nitauliza."

Njiani kurudi nyumbani alijisikia aibu kidogo. Lakini aibu hiyo haikudumu, maana kilikuwepo kitu kingine kilichomkera zaidi, kama mbegu ya tunda iliyonasa kwenye jino. Jibu lile amelisema tangu akiwa na miaka saba. Amewafundisha watoto wa watu. Na hakuwahi kuona hata siku moja kwamba lina mlango wa nyuma ulio wazi.

Alimkuta Padre Valerian uani parokiani, amechuchumaa kando ya pikipiki, mikono imejaa grisi. Padre alikuwa kijana, hana muda mrefu tangu arudi masomoni, na alipenda maswali. Aliposikia lile la mzee aliacha mnyororo ukining'inia.

"Upweke, hapana," alisema. "Hilo uwaambie kabisa. Mungu ni Nafsi tatu, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Kabla ya jua, kabla ya mlima huu, tayari palikuwepo kupenda na kupendwa. Hakukosa kitu, Margareta. Angebaki bila sisi, angebaki Mungu yule yule, mwenye furaha ile ile."

"Basi alituumba kwa nini?"

"Kwa wema. Wema haujifungii ndani. Ni kama maji ya mfongo yanapojaa yakamwagika kwenye migomba."

"Lakini hakushurutishwa?"

"Na nani? Aliumba kwa uhuru wake." Padre alifuta mikono kwa kitambaa, akafikiri kidogo. "Ukipata atakachokujibu mzee, uniletee. Mimi pia nataka kusikia."

Jumamosi iliyofuata Margareta aliyaeleza yote hayo kama alivyoyapokea. Mzee Ndekirwa alisikiliza ameinamisha kichwa, fimbo katikati ya magoti.

"Hiyo ya Nafsi tatu nimeipenda," alisema mwishowe. "Siku zote nilimfikiria kama mwanamume aliyekaa peke yake kwenye nyumba kubwa. Kumbe ndani mlikuwa na maongezi. Hiyo inabadilisha mambo."

"Na ile ya maji?"

"Ya maji mwambie Padre aje tutembee naye siku moja juu kule mfongo unakoanzia. Maji yakifurika hayachagui. Yanaingia kwenye kihamba, yanaingia chooni. Hayana nia. Na Padre mwenyewe amesema Mungu hakushurutishwa. Sasa mtu asiyeshurutishwa hafuriki, anaamua. Na aliyeamua ana lake moyoni. Hilo ndilo ninalolitafuta."

Padre alipopelekewa maneno hayo alikubali papo hapo. "Mfano wangu ulikuwa na tundu," alisema, akaanza kutafuta mwingine, asiupate.

Katikati ya Kwaresima wakafika kwenye habari za kuumbwa kwa mtu, na hapo mzee akawataka wasome mara mbili. Yeye mwenyewe hakuwa msomaji, ila alikuwa na masikio.

"Subiri hapo," alimwambia Rogath aliyekuwa anasoma. "Nuru aliitaja ikatokea, si ndiyo? Miti aliiambia ardhi itoe. Samaki, ndege, wote aliwatamka. Amefika kwa mtu, akaacha kutamka. Akashika udongo kwa mkono. Kwa nini abadilishe utaratibu wakati ule wa kwanza ulikuwa unafanya kazi?"

"Na udongo gani?" akauliza Rogath. "Huu wetu mwekundu au ule mweusi wa Mabogini, kule chini tambarare?"

"Ule mweusi unafinyangika vizuri zaidi," mama wa Singida alisema kwa uhakika. "Kwetu mama yangu alikuwa anafinyanga vyungu. Huu wenu ukikauka unapasuka."

Wakabishana juu ya udongo kwa muda, na Margareta akawaacha, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa bado amesimama pale mzee alipowasimamisha. Kisha akawaambia kile alichofundishwa, kwamba Kanisa halilazimishi mtu asome habari ile kama maelezo ya fundi anayejenga, kwamba wenye sayansi wanaweza kuchimba na kupima mifupa ya kale bila kugombana nasi, na kwamba linalosisitizwa ni hili: mtu ni wa ardhi kabisa, na pumzi yake ni ya Mungu.

"Nimekubali," alisema mzee. "Lakini aliyeandika angeweza kuandika kwamba Mungu alimwita mtu, mtu akaja. Ingekuwa fupi. Hakuandika hivyo. Alitaka tujue kwamba kwa huyu mmoja, Mungu aliinama. Huwezi kumpulizia mtu puani ukiwa umesimama mbali."

Rogath akaurudia mstari ule tangu mwanzo, taratibu.

Wiki moja baadaye Margareta aliteremka Moshi mjini kununua kitambaa cheupe cha mavazi ya ubatizo. Alikwenda kwenye duka la Bi Raya, karibu na soko, kwa sababu huko barazani, nyuma ya cherehani, ndiko alikofanya kazi Victoria, binti wa mwisho wa Mzee Ndekirwa. Bi Raya alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyezaliwa pale pale mjini na baba wa Tanga na mama wa Kondoa, na hakuna mteja aliyetoka dukani kwake bila kuulizwa habari za nyumbani. Alipokuwa akimpimia kitambaa akamuuliza Margareta mbona yuko mbali hivyo kimawazo, na Margareta akamweleza swali.

"Kwenu mnalijibuje?" aliuliza.

"Sisi tumefundishwa tumeumbwa tumwabudu," Bi Raya alisema, mkasi ukiwa hewani. "Na tumefundishwa pia kwamba kuabudu kwetu hakumwongezei kitu, wala kuacha kwetu hakumpunguzii. Yeye hana haja."

"Hata nyinyi basi mnasema hakuhitaji."

"Mwenye kuhitaji ni mimi, na magoti haya. Yeye hahitaji." Akakata kitambaa. "Lakini umenifanya nifikiri, mwalimu. Nitamuuliza mume wangu tukila. Atakasirika, chakula kitapoa."

Cherehani ya barazani ilikuwa imenyamaza. Margareta alipotoka, Victoria alimfuata mpaka kwenye kona ya barabara. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, mwembamba, mrefu kuliko ndugu zake wote, mwenye tabia ya kumtazama mtu usoni anapozungumza.

"Mwalimu, shikamoo. Hilo swali ni la baba, eti?"

"Marahaba. Ndiyo, ni lake. Ametusumbua nalo tangu tuanze."

"Si la Mungu hilo," alisema Victoria. "Ni langu."

Margareta alimshika mkono, wakasogea pembeni kupisha mkokoteni.

Kule Uru hakuna asiyejua kwamba Victoria hakuzaliwa na Katarina. Mzee Ndekirwa alikuwa amepanda naye kutoka Mabogini akiwa mtoto wa miezi michache, mama yake amekufa, ndugu hawajulikani. Balozi wa nyumba kumi alijulishwa, watu wakauliza huku na huku, hakuna aliyejitokeza, na mtoto akabaki. Alibatizwa, akasoma, akapewa sehemu yake ya kazi na ya nyama kama wenzake. Hayo yote Victoria aliyajua tangu utotoni. Walimwambia wenyewe.

"Watu wa Jacob walipoleta pombe ya mbege ya uchumba," Victoria alieleza, "bibi yake mmoja akasema kwa utani, huyu binti ametoka chini, mashamba ya mpunga, atatuzoeaje sisi wa mgombani. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Lakini wageni walipoondoka nikamuuliza baba. Nikamwambia, Baba, ulikuwa na watoto saba. Hukukosa mvulana, hukukosa msichana. Kwa nini ulinichukua?"

"Akasemaje?"

"Alinitazama, akainuka, akaenda kuangalia mfongo. Mpaka leo hajanijibu. Baadaye tukasikia amejiandikisha kwako."

Sasa Margareta alielewa jambo lilivyokuwa zito kwa mzee, hata akavaa koti la misiba kuja kujiandikisha.

"Umeumia?" aliuliza.

"Sina uchungu, mwalimu. Jacob anadhani nina uchungu, ananiambia niache. Mimi nataka tu kujua. Naenda kuanza nyumba yangu. Nataka kujua hii ya kwanza niliingiaje."

Kesho yake asubuhi Margareta alipanda kwa mzee. Alimkuta kwenye banda la ng'ombe akikatakata mgomba kwa panga, vipande vikirukia miguuni. Walisalimiana, akapewa kigoda, na hakuzunguka.

"Baba, nimeonana na Victoria."

Panga likaendelea kidogo, kisha likawekwa chini.

"Basi umejua," alisema mzee.

"Kwa nini hukumjibu?"

"Kwa sababu kila jibu nililolishika lilikuwa la uongo." Alikaa juu ya rundo la majani. "Nikimwambia nilimhurumia, atajiona ombaomba aliyelelewa miaka yote hii. Nikimwambia nilitaka msaidizi wa mama yake, atajiona punda. Nikimwambia Katarina alitaka mtoto, ni uongo mtupu, Katarina hakujua lolote mpaka niliposimama naye mlangoni. Sasa nikakaa nikawaza. Hawa watu wa kanisa wanasema yuko mmoja aliyemleta mtu nyumbani kwake bila kupungukiwa na chochote. Wamekaa na habari hiyo miaka elfu mbili. Lazima watakuwa wanajua kwa nini. Nikawaza, nitakwenda niwasikilize, nitalichukua jibu lao, nimpe mtoto." Akacheka kidogo. "Kumbe na nyinyi mnatafuta."

Ng'ombe alinyoosha shingo, akavuta kipande cha mgomba. Margareta akauliza jambo ambalo yeye mwenyewe alitaka kulijua.

"Tuliache hilo la kwa nini, Baba. Ilikuwaje? Siku yenyewe ilikuwaje?"

Mzee alishangaa, kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda kwake. Kisha akaanza kusimulia, polepole mwanzoni.

Mwaka ule mvua ilikuwa imezidi kule chini. Yeye alikuwa na kishamba cha mahindi Mabogini, akateremka kuvuna mabua ya ng'ombe. Jirani na shamba lake palikuwa na kambi ya vibarua, na mwanamke mmoja mgeni alikuwa amekufa kwa homa. Wanawake wa kambi walikuwa wanampokezana mtoto wake, huyu anampa maziwa kidogo, yule anambeba, na kila mmoja alikuwa na wake wa kumhangaikia.

"Niliwaachia mahindi niliyokuwa nayo na mkungu mmoja wa ndizi," alisema. "Nikasema poleni sana. Nikambeba dakika mbili wakati wanapokea ule mkungu, nikamrudisha. Nikaenda zangu barabarani na mabua yangu kusubiri lori."

"Likaja?"

"Likaja. Dereva akapiga honi. Nikamwambia nenda."

"Kwa nini?"

"Si umesema tuliache la kwa nini?"

Margareta akacheka. "Haya. Ulimwambia nenda. Halafu?"

"Halafu nikarudi kambini."

"Ulikuwa na huruma."

"Huruma niliimaliza nilipotoa mahindi, mwalimu. Huruma ndiyo ilinifikisha barabarani na moyo mweupe. Ningepanda lori lile, na hakuna mtu duniani ambaye angeninyooshea kidole." Akatafuta maneno. "Nilikuwa nimesimama pale nahesabu mabua, kama yatatosha. Halafu nikamwona yule mtoto huku kwetu. Usiseme niliota, wala sikusikia sauti. Nilimwona kama unavyoiwaza kesho. Amekaa mlangoni pa jiko, mkubwa kidogo, anamenya ndizi vibaya. Wanangu wote wapo, hakuna aliyepungua, hapakuwa na mahali peupe panapomsubiri. Lakini yupo. Nikaona ni vizuri awepo. Basi. Lori likawa limekuja na mimi nimeshamwona, nifanyeje?"

Margareta alijikuta ameshika kigoda kwa mikono miwili.

"Hukumhitaji," alisema taratibu.

"Hata kidogo. Tulikuwa na midomo mingi."

"Ila ulimtaka."

Mzee aligeuza maneno hayo mawili kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Ndiyo," alisema. "Lakini hilo si jibu. Halina sababu ndani yake. Ukiniuliza kwa nini nilimtaka, nitakuambia kwa sababu nilimtaka."

"Labda ndivyo linavyokuwa."

"Labda." Alishika panga, akaliacha tena. "Unadhani litamtosha?"

"Sijui, Baba. Mimi lingenitosha."

Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi, Padre Valerian alikuja kigangoni kuwauliza maswali wale watakaobatizwa kwenye mkesha wa Pasaka. Walikaa kwenye mabenchi ya mbele. Mwenyekiti wa kigango, Bwana Thadeus, aliketi kando ya Padre na kitabu mkononi, maana yeye alikuwa mtu wa utaratibu. Kila mwanafunzi aliruhusiwa kuja na mtu wake, na Mzee Ndekirwa alikuja na Victoria.

Rogath alijibu vizuri, akasahau Ekaristi, akaikumbuka. Mama wa Singida alijibu bila kukosea. Ikafika zamu ya mzee.

"Baba," Padre alisema, na Margareta aliona jinsi alivyojisogeza mbele kwenye kiti. "Mungu alimwumba mtu kwa nini?"

Mzee Ndekirwa alisimama. Hakumtazama Padre. Alimtazama Victoria, akaeleza habari za Mabogini tangu mwanzo: mvua, kambi, mkungu wa ndizi, lori lililoondoka. Aliyasema bila kupamba, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya nyumbani, na alipofika pale barabarani sauti ilishuka ikabidi watu wainame kusikia.

"Sikukuchukua kwa huruma," alimwambia. "Na hapakuwa na kazi ya kukupa. Nilikuwa nimeshakuona nyumbani, nikaona ni vizuri uwepo. Nimetafuta sababu iliyo kubwa kuliko hiyo, nikuletee, sikuipata. Nikaja mpaka huku kuitafuta kwa Mungu."

Kisha akamgeukia Padre. "Ya Mungu mimi siyajui. Nimesema ninayoyajua. Ila nawaza hivi: kama mimi niliyetoka kwenye udongo niliweza kumtaka mtu nisiyemhitaji, siwezi kusema Yeye hawezi. Huenda mimi ndiye nilijifunza kwake nikiwa sijui."

Bwana Thadeus alikohoa. "Padre, maneno ni mazuri, lakini jibu lenyewe halijatoka. Kitabu kinasema..."

"Kwamba tumjue, tumpende, tumtumikie, tukaishi naye," mzee akamalizia kwa haraka, bila kukosea, kama mtoto wa komunyo ya kwanza. "Hilo nalijua tangu Katarina akiwafundisha watoto jikoni. Mwalimu hakuniuliza kama nalijua."

Rogath aliangua kicheko, na Padre Valerian akaficha uso kwa mkono, mabega yakitikisika. Alipouinua, macho yalikuwa mekundu kidogo. "Bwana Thadeus," alisema, "andika kwamba amejibu. Andika amejibu mara mbili."

Margareta alikuwa anamtazama Victoria. Msichana alikuwa hajalia wala hajacheka. Alikuwa amekunja uso kidogo, kama anavyokunja akiwa anatunga uzi kwenye sindano. Mzee aliporudi kukaa, Victoria hakumshika mkono, hakusema asante. Alimgeukia tu, na walipotoka nje wote, na Bwana Thadeus akifunga mlango, Margareta aliyekuwa nyuma yao alimsikia Victoria akianza.

"Baba, nilikuwa nimevaa nini?"

"Kanga. Walikufunga kwenye kanga ya mama yako. Ilikuwa ya kijani, pembe moja imeungua."

"Iko wapi?"

"Ilikwisha. Ulikataa kulala bila hiyo, mpaka ikawa nyuzi."

"Nililia njiani?"

"Ulilala. Ulinikojolea, ukalala tena."

"Na lile lori lilishaondoka. Tulipandaje?"

"Kwa miguu mpaka mjini. Mabua niliyaacha pale pale barabarani. Ng'ombe walinichukia wiki nzima."

Walikuwa wanapanda taratibu kati ya migomba, mzee akitangulia na fimbo, Victoria akimwuliza kutoka nyuma, swali juu ya swali. Je, mama yake aliitwa nani? Wale wanawake walimwita Mama Mdogo tu, jina lenyewe hawakulijua, na hilo mzee alilisema kwa majuto. Je, alikuwa mrefu? Sijui, alikuwa ameshafunikwa, lakini wewe umekuwa mrefu, umetoa wapi kama si kwake? Victoria alisimama kidogo kwa hilo, akatembea tena. Margareta angeweza kukata kushoto kwenda kwake. Hakukata. Alitaka kusikia.

"Na mama," Victoria aliuliza, akimaanisha Katarina. "Ulipofika mlangoni. Alikuuliza kwa nini?"

Mzee Ndekirwa alisimama, akageuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu mpaka meno yaliyobaki yakaonekana.

"Mama yako? Hakuuliza kitu. Alikuwa anapika mtori. Aliweka mwiko chini, akakuchukua mkononi mwangu, akakutazama. Akasema, 'Huyu hajala.'"